MGUSANO KAMA KIGEZO: UHAKIKI WA MBINU ZA KUCHANGANUA MIGUSANO YA MASALIO YA ASIDI AMINO KATIKA HEMOGLOBINI S

Ikisiri

Uchanganuzi wa migusano baina ya masalio ya asidi amino ni miongoni mwa mbinu zinazotumika sana katika kueleza miundo ya protini. Mbinu hii hupima umbali kati ya masalio, huweka kikomo, kisha huzihesabu jozi zote zilizomo ndani ya kikomo hicho kuwa zinagusana. Uhakiki huu unachunguza iwapo kigezo hicho kinatosheleza pale protini inayochunguzwa ni ile ambayo maradhi yake yanatokana na mgusano mmoja mahususi, yaani hemoglobini S, chanzo cha ugonjwa wa selimundu. Hoja kuu ni kwamba kigezo cha umbali, kikitumika peke yake, hakilitofautishi badiliko linalosokota kamba za hemoglobini na lile lisilozisokota. Aidha, huishia ndani ya molekuli moja ilhali tukio lenyewe hutokea baina ya molekuli, na huchukulia wingi wa migusano kuwa ndio uzito wake. Uhakiki unapendekeza kutenganisha ngazi nne ambazo kwa kawaida huchanganywa katika neno moja: ukaribu, mgusano, mvutano na athari.

1.0 Utangulizi

Protini ni mnyororo wa asidi amino uliokunjwa. Kila mara asidi amino mbili zinapoungana kwa kifungo cha peptidi, molekuli moja ya maji huondoka. Kinachobaki cha kila asidi amino ndani ya mnyororo huitwa salio. Mnyororo ukishakunjwa, masalio yaliyokuwa mbalimbali katika mfuatano hujikuta jirani katika nafasi. Ujirani huo ndio unaoshikilia umbo la protini, na kwa sehemu kubwa umbo ndilo linaloamua kazi. Hivyo basi, swali la salio lipi linagusana na lipi ni swali la msingi katika taaluma ya miundo ya protini.

Hemoglobini imeteuliwa katika uhakiki huu kwa sababu tatu. Kwanza, ni miongoni mwa protini za mwanzo kabisa ambazo muundo wake ulifumbuliwa kwa eksirei. Kazi ya Max Perutz na wenzake kuhusu hemoglobini ya farasi ilichapishwa mwaka 1960, na mwaka 1962 Perutz alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na John Kendrew. Pili, mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu hutofautiana na ya kawaida katika chaji, wakauita ugonjwa huo ugonjwa wa molekuli. Vernon Ingram, katika kazi zake za mwaka 1956 na 1957 huko Cambridge, alilitambua badiliko lenyewe: katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, asidi ya glutamiki imechukuliwa nafasi yake na valini. Tatu, ugonjwa huu si habari ya mbali kwa jamii za Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionesha mwaka 1954 uhusiano wa hali ya kubeba jeni moja ya selimundu na kinga dhidi ya malaria, akitumia ushahidi wa kutoka Afrika Mashariki. Maelfu ya watoto huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka katika ukanda huu.

Kwa sababu hizo, hemoglobini S ni kipimo kizuri cha mbinu yoyote inayodai kueleza protini kwa migusano ya masalio yake. Ikiwa mbinu haiuoni mgusano ambao umekuwa ukichunguzwa kwa miongo kadhaa, na ambao matokeo yake yanaonekana kwa darubini katika umbo la mundu la chembe za damu, ni lazima kuuliza inaona nini hasa.

2.0 Dhana ya Mgusano na Vipimo Vyake

Katika uchanganuzi wa miundo, mgusano haupimwi kwa njia moja. Njia ya kwanza huwakilisha kila salio kwa nukta moja, aghalabu kaboni alfa iliyo katika uti wa mnyororo au kaboni beta inayoanzisha tawi la pembeni. Mashindano ya kimataifa ya kubashiri miundo ya protini, yajulikanayo kama CASP, yalitumia kwa miaka mingi kigezo cha kaboni beta mbili zilizo chini ya angstromu 8 kati yao. Kwa glisini, isiyo na kaboni beta, hutumika kaboni alfa. Njia ya pili huzitazama atomi zote isipokuwa haidrojeni, na kuyahesabu masalio mawili kuwa yanagusana iwapo atomi yoyote ya moja iko ndani ya angstromu 4.5 au 5 kutoka atomi yoyote ya jingine. Njia ya tatu hutafuta aina mahususi za uhusiano: vifungo vya haidrojeni, madaraja ya chumvi na mgandamano wa matawi yasiyopatana na maji.

Matokeo ya njia mbili za kwanza huandikwa katika jedwali la mraba ambalo kila kisanduku kina moja au sifuri. Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo miwili ya alfa yenye masalio 141 kila mmoja na miwili ya beta yenye masalio 146 kila mmoja, jumla masalio 574. Jozi zinazowezekana ni 164,451. Jedwali hilo huitwa ramani ya migusano, na likichorwa kama mtandao, kila salio huwa kifundo na kila mgusano huwa uzi unaounganisha vifundo viwili.

Ni vyema kuzingatia kwamba nambari zinazotumika kama vikomo hazina asili moja. Nusukipenyo cha van der Waals cha kaboni ni takribani angstromu 1.7, hivyo kaboni mbili zisizofungamana hukutana kwa umbali wa angstromu 3.4 hadi 4. Kipenyo cha molekuli ya maji ni karibu angstromu 2.8. Kwa hiyo, atomi mbili zilizotengana kwa angstromu 4 hazina nafasi ya kupitisha maji kati yao, na kikomo cha atomi zote kina mashiko ya kifizikia. Kikomo cha angstromu 8 kati ya kaboni beta, kwa upande mwingine, ni makubaliano ya kitakwimu: kimechaguliwa kwa sababu kwa wastani hufanya kazi vizuri katika protini nyingi. Tatizo huanza pale makubaliano ya wastani yanaposomwa kana kwamba ni ushahidi kuhusu jozi moja.

3.0 Uhakiki

3.1 Kigezo kisichoona tawi la pembeni

Udhaifu wa kwanza ni wa kimantiki, na hauhitaji tarakilishi kuudhihirisha. Asidi ya glutamiki ina kaboni beta. Valini ina kaboni beta. Lisini nayo inayo. Salio la 6 la mnyororo wa beta liko kwenye uso wa molekuli, na kulibadilisha hakuuvurugi uti wa mnyororo. Kwa hiyo kaboni beta ya nafasi ya 6 hubaki pale pale katika hemoglobini A, katika hemoglobini S yenye valini, na katika hemoglobini C yenye lisini. Ramani ya migusano iliyochorwa kwa kaboni beta ndani ya molekuli moja itakuwa, kwa kila hali, karibu sawa kwa zote tatu.

Lakini hemoglobini hizo tatu hazifanani hata kidogo katika tabia. Hemoglobini S isiyo na oksijeni husokota kamba ndefu zinazoikunja chembe ya damu. Hemoglobini A haifanyi hivyo. Hemoglobini C nayo haisokoti kamba za namna hiyo, ingawa badiliko lake limo katika nafasi ile ile. Kigezo kinachozipa hemoglobini hizi jawabu moja hakijakosea hesabu. Kimeuliza swali ambalo halihusiani na tofauti inayotafutwa. Kaboni beta inaeleza mahali tawi linapoanzia, ilhali kinachoamua hapa ni tawi lenyewe: kama lina chaji na kupenda maji, au halina chaji na kuyakimbia.

Kigezo cha atomi zote hupunguza tatizo hili bila kulimaliza. Tawi la pembeni la valini lina atomi 3 zisizo haidrojeni, ilhali la asidi ya glutamiki lina 5 na la lisini lina 5. Msomaji anayehesabu migusano ya atomi atatarajia kwamba salio lenye tawi fupi lina nafasi ndogo zaidi ya kugusana na majirani, na huenda akahitimisha kuwa badiliko la glutamiki kuwa valini limepunguza uhusiano wa salio hilo na mazingira yake. Ukweli wa kitabibu ni kinyume chake: salio lenye tawi fupi ndilo lililopata mshirika mpya.

3.2 Mpaka wa molekuli kuchukuliwa kuwa mpaka wa uchanganuzi

Udhaifu wa pili unahusu mahali uchanganuzi unapokomea. Wishner na wenzake (1975), kisha Padlan na Love (1985), walichunguza fuwele za hemoglobini S isiyo na oksijeni na kuonesha kwamba molekuli zimepangika katika nyuzi mbili zilizoambatana. Harrington, Adachi na Royer (1997) waliuboresha muundo huo hadi upambanuzi wa angstromu 2.05, nao umehifadhiwa katika Benki ya Data za Protini kwa alama 2HBS. Muundo huo unaonesha kwamba valini ya 6 ya molekuli moja huingia katika kifuko kilichopo kwenye mnyororo wa beta wa molekuli jirani, mahali zilipo fenilalanini ya 85 na leusini ya 88. Kati ya valini mbili za kila tetrameri, moja tu ndiyo inayoshiriki mgusano huo wa pembeni. Ndani ya chembe ya damu, nyuzi kama hizo hujikusanya 14 pamoja, yaani jozi 7, na kuwa kamba moja.

Sasa basi, mchanganuzi akiipakua tetrameri moja na kuihesabia migusano, valini ya 6 itaonekana kuwa salio la pembezoni lenye majirani wachache. Mshirika wake hayumo katika hesabu. Faili la 2HBS lina tetrameri mbili, lakini uzi hauna mwisho ndani ya fuwele; baadhi ya migusano ya mhimili haiwezi kuonekana mpaka molekuli jirani zijengwe kwa kufuata ulinganifu wa fuwele. Hatua hiyo ni ya dakika chache, ila ni lazima mchanganuzi ajue kwamba inahitajika. Programu inayosoma faili kama lilivyo na kutoa jedwali haimwonyi.

Zaidi ya hayo, pana mtego wa nambari. Katika kanzidata za mifuatano, mnyororo wa beta huhesabiwa pamoja na methionini ya mwanzo ambayo huondolewa baadaye, hivyo una masalio 147 na valini ya selimundu husomeka kuwa ya 7. Katika faili za miundo husomeka kuwa ya 6. Jedwali la migusano lisilotaja mfumo wa nambari uliotumika linaweza kumpeleka msomaji kwa salio jirani. Katika protini ambayo salio moja ndilo chanzo cha maradhi, kukosea kwa hatua moja ni kukosea kabisa.

3.3 Kikomo kama kisu

Udhaifu wa tatu ni wa kikomo chenyewe. Jozi yenye angstromu 7.9 hupewa moja. Yenye angstromu 8.1 hupewa sifuri. Mahali pa atomi katika muundo uliopatikana kwa eksirei panakadiriwa kwa kosa linaloweza kufikia sehemu kadhaa za kumi za angstromu, hasa katika masalio ya usoni ambayo hutikisika. Tofauti ya 0.2 kwa hiyo inaweza kuwa ndogo kuliko kosa la kipimo, lakini katika ramani hugeuka kuwa tofauti ya kuwapo na kutokuwapo.

Vilevile, kikomo hakitendi haki sawa kwa jozi zote. Katika helisi alfa, kila salio hupanda angstromu 1.5 na kila mzunguko una masalio 3.6, hivyo salio na la nne kutoka kwake ni majirani kwa lazima ya umbo. Hemoglobini ni protini ya helisi kwa sehemu kubwa, na mnyororo wake wa beta una helisi 8. Matokeo ni kwamba ramani yake hujaa mistari minene kando ya ulalo, ambayo haisemi lolote zaidi ya kwamba kuna helisi. Ndiyo sababu CASP iliweka mkazo kwenye jozi zilizotengana kwa masalio 24 au zaidi katika mfuatano. Tasnifu inayoripoti jumla ya migusano bila kutenga jozi hizo inaripoti, kwa kiasi kikubwa, umbo la helisi kwa jina jingine.

3.4 Utuli wa picha

Udhaifu wa nne ni kuichukulia picha moja kuwa protini nzima. Hemoglobini hubadilika kati ya hali isiyo na oksijeni na hali yenye oksijeni. Perutz alieleza mwaka 1970 kwamba hali ya kwanza hushikiliwa na madaraja ya chumvi, likiwamo lile la histidini ya 146 na asidi ya aspartiki ya 94 katika mnyororo wa beta, nayo huvunjika oksijeni inapofungwa. Nusu moja ya molekuli huzunguka kwa takribani nyuzi 15 kulinganisha na nyingine. Kamba za hemoglobini S hukua katika hali isiyo na oksijeni, na mpangilio wa hali yenye oksijeni hauzikubali.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Katika hemoglobini methali hiyo haina budi kuongezewa sharti, kwani tukio dogo kwenye chuma cha himu hufika mbali kwa kupokezana kutoka salio hadi salio, hatimaye likaamua iwapo uso wa molekuli utampokea jirani. Ramani ya migusano ya hali moja haiwezi kueleza upokezanaji huo. Kinachohitajika ni kulinganisha ramani mbili na kuuliza ni migusano ipi iliyozaliwa na ipi iliyokufa. Hata hivyo, ulinganisho huo nao huirithi kasoro ya kikomo iliyotajwa, kwa sababu jozi iliyovuka mstari kwa sehemu ya kumi ya angstromu itaorodheshwa pamoja na daraja la chumvi lililovunjika kweli.

3.5 Wingi kuchukuliwa kuwa uzito

Udhaifu wa tano ndio mzito zaidi, kwa kuwa unahusu hitimisho na si hesabu tu. Katika uchanganuzi wa mitandao, salio lenye nyuzi nyingi, au lile ambalo njia nyingi fupi hulipitia, hutangazwa kuwa muhimu. Kanuni hii ina ukweli kwa masalio ya kiini cha protini, ambako badiliko moja linaweza kuubomoa mkunjo wote. Lakini ugonjwa wa selimundu haukuanzia kiinini. Ulianzia usoni, katika salio ambalo hesabu ya nyuzi ndani ya tetrameri ingeliweka karibu na mkia wa orodha. Laiti uamuzi wa kipi kichunguzwe ungeachiwa orodha kama hiyo, nafasi ya 6 ingekuwa miongoni mwa za mwisho kutazamwa.

Dhana hiyo hiyo inajitokeza katika mbinu zinazobashiri migusano kwa kulinganisha mifuatano ya viumbe vingi. Mbinu hizo hutafuta nafasi mbili zinazobadilika kwa pamoja katika mageuko, kwa hoja kwamba masalio yanayogusana hulindana. Ni mbinu zenye mafanikio makubwa, na mifumo kama AlphaFold 2, iliyong'ara katika CASP ya mwaka 2020, imenufaika na taarifa za mifuatano hiyo. Lakini mgusano wa valini ya 6 na kifuko cha jirani haukulelewa na mageuko ya pamoja. Badiliko hilo limedumu kwa sababu ya malaria, kama kazi ya Allison inavyoonesha, na kifuko hakikujirekebisha ili kuipokea valini, kilikuwapo tayari. Hakuna sababu ya kutarajia kwamba alama ya mgusano huo itapatikana katika mifuatano ya wanyama wengine. Ukimya wa mbinu hizo kuhusu jozi fulani, kwa hiyo, si ushahidi kwamba jozi hiyo haina athari.

4.0 Hoja za Utetezi

Itakuwa si haki kuihukumu mbinu kwa kisa kimoja bila kusikiliza yanayosemwa kwa upande wake. Kwanza, ramani ya migusano haibadiliki molekuli inapogeuzwa au kusogezwa, hivyo hurahisisha ulinganisho wa miundo. Pili, ramani yenye migusano ya kutosha inaweza kurejesha mkunjo wa mnyororo kwa ukadiriaji mzuri. Tatu, hesabu rahisi za migusano zimewahi kutoa matokeo yasiyotarajiwa: Plaxco, Simons na Baker (1998) walionesha kwamba wastani wa utengano katika mfuatano wa masalio yanayogusana huhusiana na kasi ya kujikunja kwa protini ndogo. Nne, mbinu hii ni nafuu. Chuo kisicho na mtambo wa eksirei kinaweza kufanya uchanganuzi wa migusano kwa tarakilishi ya kawaida na data zilizo wazi kwa wote.

Hoja hizi zina uzito, na ya nne ina uzito wa pekee kwa watafiti wa Afrika Mashariki. Hata hivyo, zote zinahusu mkunjo wa mnyororo kwa ujumla wake. Hakuna hata moja inayodai kwamba jozi moja iliyoandikwa moja katika jedwali ina nguvu, au kwamba iliyoandikwa sifuri haina. Utetezi huo basi unaihalalisha mbinu katika uwanja wake na, kwa kufanya hivyo, unauonesha mpaka wa uwanja huo. Na unafuu wa mbinu, badala ya kuwa sababu ya kulegeza masharti, ni sababu ya kuyakaza, kwani mbinu inayofikiwa na wengi ndiyo itakayokosewa na wengi.

5.0 Pendekezo: Ngazi Nne za Maelezo

Chanzo kimoja cha mkanganyiko ni neno lenyewe. Kiswahili kina kauli ya kutendana inayoonesha kwamba watendaji wawili wanatendeana jambo moja: kugusana, kushikana, kusukumana. Neno mgusano, likitumika kwa kila jozi iliyo ndani ya kikomo, linaahidi zaidi ya kilichopimwa. Kilichopimwa ni kukaribiana tu. Zaidi ya hayo, kauli ya kutendana na jedwali lenye ulinganifu huficha kwamba katika hemoglobini S majukumu hayafanani: valini huingia, kifuko hupokea. Uhakiki huu unapendekeza istilahi nne zitumike kwa ngazi nne.

Ukaribu uwe ni umbali ulio chini ya kikomo kilichotajwa, pamoja na nukta zilizopimwa. Mgusano uwe ni hali ambayo nyuso za atomi zimekutana bila nafasi ya maji kati yake. Mvutano uwe ni mgusano wenye faida ya nishati, iwe kwa chaji, kwa kifungo cha haidrojeni au kwa kuyaondoa maji. Kinyume chake ni msukumano. Athari iwe ni badiliko la tabia ya protini linaloonekana kwa jaribio pale uhusiano huo unapoondolewa au kuongezwa.

Kisa cha valini ya 6 kinaonesha manufaa ya utenganisho huu. Ukaribu wake na fenilalanini ya 85 na leusini ya 88 za molekuli jirani unathibitishwa na fuwele. Mgusano unathibitishwa na jinsi tawi lake lilivyotosha kifukoni. Mvutano unaungwa mkono na tabia ya joto: myeyusho mzito wa hemoglobini S isiyo na oksijeni huganda ukipashwa joto na hurudi kuwa majimaji ukipozwa karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, jambo linalotarajiwa pale matawi yanayoyakimbia maji yanapohusika. Athari inathibitishwa na mabadiliko ya maumbile. Katika hemoglobini C Harlem, yenye valini ya 6 pamoja na asparajini badala ya asidi ya aspartiki katika nafasi ya 73 kando ya kifuko, usokotaji hudhoofika. Mnyororo wa gama wa hemoglobini ya kijusi una glutamini katika nafasi ya 87, mahali ambapo beta ina treonini, na salio hilo huzuia mgusano wa pembeni.

Mfano huu wa mwisho umevuka mipaka ya maabara. Jeni ya beta iliyobadilishwa treonini ya 87 kuwa glutamini imetumika katika tiba ya jeni ya selimundu iliyoidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2023. Aliyeibuni hakutegemea wingi wa nyuzi katika mtandao. Alihitaji kujua ni uso upi unapokea, wakati gani, na ni tawi lipi litakaloziba mlango. Salio la 87 linaweza kuandikwa moja au sifuri kwa kutegemea kikomo kilichochaguliwa, lakini thamani yake kwa mgonjwa haitegemei kikomo hicho.

6.0 Hitimisho

Uhakiki umeonesha kwamba uchanganuzi wa migusano kwa kigezo cha umbali hueleza vyema mkunjo wa protini, lakini hauwezi peke yake kueleza ugonjwa unaotokana na salio la usoni. Katika hemoglobini S, kigezo hicho hakitofautishi glutamiki, valini na lisini. Hakivuki mpaka wa molekuli kisipoelekezwa. Hukata kwa kisu mahali vipimo vyenyewe vinapotikisika. Huisoma hali moja kati ya mbili. Na hulishusha cheo salio ambalo ndilo kiini cha maradhi.

Hivyo basi, inapendekezwa kwamba tasnifu yoyote inayotumia mbinu hii itaje nukta zilizopimwa, kikomo, mfumo wa nambari za masalio, hali ya protini na iwapo molekuli jirani zilijengwa. Itoe matokeo kwa angalau vikomo viwili, na hitimisho linalobadilika pamoja na kikomo lisiitwe hitimisho. Mwisho, isidai athari pale ilipoonesha ukaribu. Masharti haya hayaongezi gharama yoyote. Yanamtaka mchanganuzi, kabla hajahesabu nani yuko karibu na nani, aseme ni swali gani anataka ukaribu huo ulijibu.